Ardhi ya Waliorejea: Migogoro ya Kisiasa na Hifadhi ya Akagera, 1934–2017

Wahenga walinena kuwa fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Historia ya Hifadhi ya Taifa ya Akagera, mashariki mwa Rwanda, yaonyesha kwamba nyasi zaweza kuumia zaidi fahali hao wanapopatana.

Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1934 na utawala wa Ubelgiji, ikiwa na takriban kilometa za mraba 2,500 za mbuga, vilima na maziwa mpakani na Tanganyika. Kuanzia mwaka 1959, machafuko ya kisiasa yaliwalazimu Wanyarwanda wengi kukimbilia nchi jirani. Kurejea kwao kulijadiliwa Arusha, na itifaki iliyotiwa saini Juni 1993 ikapendekeza kwamba waliokaa uhamishoni zaidi ya miaka 10 wasidai mali zao za awali iwapo zimekwisha kukaliwa na wengine. Pendekezo hilo lilikusudiwa kuepusha ugomvi mpya. Hata hivyo, lilizua swali zito: waliorejea wangepata wapi ardhi?

Jibu lilidhihirika baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Familia nyingi zilizorejea ziliingia mashariki pamoja na ng'ombe wao. Mwaka 1997 mipaka ya hifadhi ilichorwa upya; zaidi ya nusu ya eneo lake ikatolewa kwa makazi, kilimo na malisho, zikabaki takriban kilometa za mraba 1,120. Simba, waliokuwa tishio kwa mifugo, waliuawa hadi wakatoweka. Faru weusi, waliozidi 50 katika miaka ya 1970, walionekana kwa mara ya mwisho mwaka 2007.

Hasara hiyo haikutokana na ujangili pekee. Sehemu yake kubwa ilitokana na uamuzi halali, uliojibu dai la haki la watu wasio na makazi.

Tangu mwaka 2010 hifadhi imesimamiwa kwa ubia kati ya serikali na shirika la African Parks. Simba 7 waliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 2015, na faru 18 mwaka 2017. Wanyama wamerudishwa, ardhi iliyogawiwa haikurudi, wala si rahisi kuidai kwa wanaoitegemea. Kwa hiyo, wakati wa kuitetea bioanuwai ni pale vipengele vya ardhi vinapoandikwa katika mikataba ya amani, kabla ya misafara ya wanaorejea kuvuka mpaka.