Safu ya Lugha: Kete si sarafu

Kijana mmoja wa Mwadingusha, kule kwenye bwawa la mto Lufira linalotupa umeme tangu 1930, amechapa nyumbani vibandiko vya mchezo wa pokeri: viduara vya rangi, kila kimoja na namba yake, akavikata kwa mkasi ndani kidogo ya mstari ili kingo zisibanduke mapema. Kazi safi. Kasoro iko juu ya karatasi: “Lebo za sarafu.”

Sarafu, neno lenye asili ya Kiarabu, ni fedha halali. Kidude cha kuwekea dau hakikununulii hata chumvi sokoni Likasi. Hicho ni kete. Zamani kete ilikuwa kauri ndogo. Baadaye jina likahamia kwenye vipande vya kuchezea bao na dama. Mijini sasa wauza dawa za kulevya nao wameliteka jina hilo, lakini hilo lisitufanye tulitupe. Jetoni, tuliyoachiwa na Kifaransa, nayo inafaa. Huko kwao ilianza kama kidude cha kuhesabia.

Tukija kwenye lebo: hiyo hueleza bidhaa, kama ile ya chupa ya dawa. Nembo ni alama ya taasisi au kampuni. Kibandiko ni chochote kinachobandikwa, na kinyume cha kubandika ni kubandua. Kwa hiyo, kijana wetu, chapa upya karatasi yako na uandike: “Vibandiko vya kete.”