Sarafu dhidi ya noti: Hesabu ya pesa ndogo Homa Bay na Migori

Alfajiri, mashua za omena zinapotia nanga katika fuo za Homa Bay na Mbita, au Sori upande wa Migori, biashara hufanywa kwa mikono iliyolowa. Mchuuzi hupimiwa, hulipa, hupokea chenji yake na kugeukia mashua inayofuata. Noti ya shilingi 50 ikizunguka ufuoni kwa majuma machache hulegea, hushika harufu ya samaki na kuanza kuchanika palipokunjwa. Sarafu ya shilingi 20 husuuzwa ziwani ikarudi mfukoni kama ilivyokuwa.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala ambalo mataifa mengi yamelikabili: je, pesa ndogo zinazopita mikononi kila siku ziwe chuma au karatasi? Kenya ililijibu hatua kwa hatua kuanzia miaka ya 1980. Hata hivyo, jibu lake lilikomea kwenye shilingi 20, na anayeumia zaidi kwa sababu hiyo ni yule ambaye mtaji wake wote ni noti chache za shilingi 50. Noti ikichakaa kiasi cha kukataliwa na makanga au mwenye duka, benki haiko ufuoni. Atalazimika kuipeleka mjini, na huenda nauli ikazidi thamani yake.

Katika kaunti hizi mbili, ambazo zamani zilikuwa sehemu ya Wilaya ya Nyanza Kusini, sarafu zina historia ndefu kuliko noti. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni ilitoza kodi ya nyumba kwa rupia, pesa ya fedha iliyotoka India. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919. Florini ilichukua nafasi ya rupia mwaka 1920, lakini haikudumu, kwani sarafu za shilingi zilianza kufuliwa mwaka 1921.

Sarafu zilizokumbukwa zaidi na wazee hazikuwa shilingi zenyewe bali senti zenye tundu katikati. Senti 1, 5 na 10 zote zilitobolewa. Senti 10, ambayo kwa Kijaluo iliitwa otonglo, ilikuwa pana na nzito kiasi cha kutambulika kwa kidole hata gizani. Aidha, mtu asiye na mfuko kwenye vazi lake aliweza kuzitunga senti kwenye uzi na kuzibeba sokoni bila hofu ya kuzidondosha. Yamkini hakuna sarafu iliyowahi kutumika Afrika Mashariki ambayo umbo lake liliafikiana na maisha ya watumiaji kuliko hiyo.

Benki Kuu ya Kenya ilianzishwa mwaka 1966 na kutoa noti zake za kwanza Septemba 14 mwaka huo, ya chini kabisa ikiwa shilingi 5. Sarafu zilifuata mwaka 1967 zikiwa na sura ya Mzee Jomo Kenyatta, na tundu likatoweka. Kichwa cha rais hakingeweza kutobolewa.

Kadiri bei zilivyopanda ndivyo noti ndogo zilivyogeuzwa kuwa chuma. Sarafu ya shilingi 5 ilitolewa mwaka 1985, ya shilingi 10 mwaka 1994 na ya shilingi 20 mwaka 1998. Noti za kiasi hicho ziliondolewa sokoni, na wananchi hawakuwa na hiari ila kuzizoea sarafu. Lugha ya mitaani haikujali mabadiliko hayo: shilingi 20, iwe noti au sarafu, ilibaki kuwa mbao.

Sarafu ya shilingi 40 haikuwa na bahati hiyo. Ilitolewa mwaka 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, ikiwa na picha ya Rais Mwai Kibaki. Lakini ni nani aliyewahi kuhitaji shilingi 40 kwa pamoja? Sarafu mbili za 20 zilitosha, na nyingi za zile za 40 ziliishia kuwekwa kama kumbukumbu.

Marekani ni mfano wa taifa lililotaka sarafu bila kuthubutu kuondoa noti. Mwaka 1979 ilitoa sarafu ya dola moja yenye picha ya Susan B. Anthony, mtetezi wa haki za wanawake. Ukubwa na rangi yake vilikaribiana mno na vya robo dola, na watu wakawa wanalipa dola nzima wakidhani ni senti 25. Sarafu ya mwaka 2000, yenye picha ya Sacagawea, ilipewa rangi ya dhahabu kurekebisha kosa hilo, lakini umma uliendelea kushika karatasi maadamu karatasi ilikuwepo. Kufikia mwaka 2011 zaidi ya sarafu bilioni moja za dola zilikuwa zimelala katika maghala, na serikali ikasitisha kufua nyingine za matumizi ya kawaida. Uingereza, kinyume chake, ilitoa sarafu ya pauni moja mwaka 1983 na kuiondoa noti yake mwaka 1988. Manung'uniko yalikuwepo, kisha yakaisha.

Wakazi wa Migori hawahitaji kwenda mbali hivyo. Mjini Isebania, mpakani na Sirare ya Tanzania, shilingi za nchi zote mbili hukutana katika vibeti vya wachuuzi. Mwaka 2014 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa sarafu ya shilingi 500 yenye sura ya Sheikh Abeid Amani Karume, ikieleza kuwa noti ya kiasi hicho ilichakaa upesi kwa kupita mikono mingi. Thamani ya sarafu hiyo haifikii hata shilingi 50 za Kenya. Kwa maneno mengine, jirani ameshakiri kwamba pesa ya kiwango hicho haifai kuwa karatasi, ilhali upande wa Isebania noti kubwa kuliko hiyo kidogo tu inaendelea kuraruka.

Wanaoipendelea noti nao wana hoja. Shilingi 1,000 kwa sarafu za 20 ni vipande 50, mzigo wa kutoboa mfuko wa suruali. Noti hufungwa kwenye ncha ya leso bila kutoa sauti, jambo la maana kwa mwanamke anayesafiri na mtaji wake katika matatu iliyojaa. Sarafu ikidondoka kutoka mashuani imekwenda, noti huelea. Baadhi ya malipo pia yameondoka kabisa mikononi tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, ingawa anayenunua omena ya kitoweo cha siku moja bado mara nyingi hulipa kwa pesa taslimu.

Suala la sura ya pesa lilichukua mkondo mpya baada ya Katiba ya 2010. Kifungu cha 231 kinapiga marufuku picha ya mtu binafsi kwenye noti na sarafu. Ndipo Desemba 2018 sarafu mpya zikatolewa zikiwa na wanyama: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10 na ndovu kwenye 20. Twiga na kifaru wanapatikana katika Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay. Korongo, yule swala mkubwa anayeipa mbuga hiyo sifa yake, hakupata nafasi.

Noti mpya zilizinduliwa Juni 1, 2019 mjini Narok, na noti ya zamani ya shilingi 1,000 ikapoteza uhalali mwishoni mwa Septemba mwaka huo. Jumba la KICC lililochorwa mbele lilizua kesi, kwa kuwa sanamu ya Mzee Kenyatta inaonekana kando yake. Mahakama Kuu ilizitupilia mbali. Kwa asiyeona, la muhimu zaidi ni alama zilizoinuliwa ili zipapaswe. Lakini alama ya karatasi hulala kadiri noti inavyokunjwa na kulowa, na kwenye noti ya shilingi 50 ndiko inakolala upesi zaidi. Sarafu hupimwa kwa upana, uzito na ukingo wake, na hayo hayafutiki kwa maji ya ziwa.

Agosti 2024 Benki Kuu ilitangaza noti zenye mabadiliko machache, zikiwa na saini ya Gavana Kamau Thugge na mwaka wa kuchapishwa. Orodha ilikuwa na noti tano, na ya kwanza kutoka chini ilikuwa ile ile ya shilingi 50.