Kinga cha Moto: Jina la Mwali Mdogo wa Tanuri la Gesi

"Mura, hiyo pailoti ndiyo nini?" nilimwuliza kijana mwoka mikate, alfajiri moja katika bekari ya Morotonga, mjini Mugumu, wilayani Serengeti. Alikuwa amepiga goti mbele ya tanuri la gesi, mlango wazi, njiti ya kiberiti mkononi. Akanijibu kwa heshima, "Sijui, mzee. Fundi alisema nibonyeze pailoti, niwashe."

Jibu hilo limenikaa moyoni. Kijana anashika kila siku kitu kinachoweza kumuunguza uso, na jina lake halimwambii kitu.

Pailoti ni mwali mdogo wa buluu, wa kimo cha kidole gumba hivi, unaokaa ukiwaka ndani ya tanuri ili gesi nyingi ikifunguliwa ikute moto tayari. Tukilitafsiri jina lake la Kiingereza, pilot light, neno kwa neno tunapata "taa ya rubani", na msomaji atawaza ndege. Rubani ni neno zuri, na kabla ya ndege lilikuwa la mwongoza chombo baharini, lakini mwoka mikate wa Serengeti halimfai. "Mwali wa kuwashia" ni afadhali, ila linataja nusu tu ya kazi.

Waliokulia kwenye mafiga wana neno tayari: kinga. Ni ule ukuni unaowaka, unaofukiwa majivuni usiku ili asubuhi usihangaike na kiberiti, au unaopelekwa kwa jirani akakoke moto wake. Ndicho walichokitaja wahenga waliposema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wingi wake ni vinga. Usilichanganye na kinga ya kujilinda: ukuni ni kinga *cha* moto, ulinzi ni kinga *ya* mwili, na upatanisho wa sarufi unayatenga maneno hayo mawili vizuri kabisa.

Lakini tazama tanuri lenyewe, maana hapa maneno hayo mawili yanakutana. Mwali ule unachoma ncha ya kijiti cha chuma kiitwacho themokapo. Ndani yake kuna metali mbili tofauti zilizounganishwa. Zikipata joto huzalisha umeme kidogo sana, sehemu ndogo tu ya volti, lakini unatosha kushikilia vali ya gesi ikae wazi. Mwali ukizimika, kijiti kinapoa, umeme unakatika, vali inajifunga. Basi kinga cha moto ndicho kinga ya mpishi. Sijaona istilahi ya kigeni iliyopata mwenzake wa Kiswahili anayeieleza vizuri kuliko hivi.

Jina hilo pia linafundisha namna ya kuwasha. Anayejua kinga anajua kwamba moto mdogo hutangulia. Fungua mlango wa tanuri, kisha inama unuse chini, kwa sababu gesi ya mtungi, yaani propani na butani, ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni. Yenyewe haina harufu. Ile unayoisikia imeongezwa makusudi ili ikuonye. Ukiisikia, usiguse swichi ya taa wala kiberiti: funga mtungi, fungua madirisha, toka nje. Pakiwa salama, washa njiti kwanza, uisogeze penye kinga, ndipo ubonyeze kitufe. Mwali ukishika, endelea kubonyeza kama nusu dakika mpaka kijiti kipate moto, kisha achia. Ukizimika, funga gesi na usubiri dakika tano nzima, mlango ukiwa wazi. Kuharakisha hapo ndiko kunakounguza nyusi, na wakati mwingine kunaua.

Mambo haya hayatabaki bekari tu. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati hiyo ifikapo 2034. Watu waliozoea kuni watakabidhiwa majiko makubwa ya gesi shuleni, hospitalini na kwenye hoteli za mbugani, na wengi wao kinga wanakijua tangu utotoni.

Kwa hiyo fundi, utakapofunga tanuri lingine Mugumu au Tarime, chukua kalamu ya wino usiofutika uandike juu ya kitufe: KINGA CHA MOTO. WASHA NJITI KWANZA.