Kabla ya Photoshop Kulikuwa na Leso

Watu wengi wanadhani ile shida ya "tuma tena, faili imekataa kufunguka" ililetwa na kompyuta. Mimi nakataa. Watu wa Pwani yetu walipambana nayo zaidi ya miaka 130 iliyopita, na waliitatua vizuri kuliko sisi. Kilichowafundisha ni leso. Ndiyo, leso ile ile kogo hujifunga hapa Moiben akienda kukama ng'ombe.

Sina digrii ya historia. Sina digrii ya chochote, chuo niliacha, mnajua. Lakini mkate wangu unatoka kwa dizaini: mabango ya harambee, kadi za koito, programu za mazishi, nembo za wakimbiaji wanaofungua kambi. Na kila nikiangalia leso naona kitu ambacho wengi wetu tunaofanya kazi hii mjini Eldoret hatuna: mpangilio.

Hebu tandika leso moja chini uitazame. Ina sehemu tatu. Kuna pindo, ule ukanda unaozunguka kingo zote nne. Kuna mji, uwanja wa katikati. Kuna jina, yale maneno ya chini ambayo hufanya majirani wakasirikiane. Kila sehemu inajitegemea. Pindo moja linaweza kuzunguka miji tofauti. Mji uliopendwa mwaka jana unaweza kurudi na rangi nyingine na jina lingine, na mama sokoni akanunua doti mpya bila kuhisi amedanganywa. Hii ndiyo tunaita leo template. Tofauti ni kwamba hawakuhitaji kulipia kila mwezi.

Ilianzaje? Neno leso lenyewe ni la Kireno, lilimaanisha kitambaa cha mkono. Katika karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua vitambaa hivyo kabla havijakatwa, wakaviunga mpaka vikatosha kujifunga. Mafundi wa Pwani nao waligonga nakshi kwenye nguo kwa vibao vya mbao vilivyochongwa. Kibao ni faili, fikiria hivyo. Unachonga mara moja, unagonga mara mia. Shida yake ni moja: kibao kiko kwa nyumba ya fundi mmoja. Kikipasuka, au fundi akifa, nakshi inaondoka naye.

Halafu viwanda vikaingia. Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak alianzisha biashara yake Mombasa, na mpaka leo leso zake zina alama ya K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Lakini leso za enzi hizo hazikuchapishwa hapa. Zilichapishwa Uholanzi, baadaye Japani na India. Sasa tulia ufikirie kazi hiyo. Mfanyabiashara yuko Mombasa. Mchapishaji yuko mbali, hajui neno hata moja la Kiswahili. Kati yao kuna bahari na meli. Na leso ikirudi lazima iwe ile ile iliyoagizwa, kwa sababu wanawake wa Pwani hawakuwa wa kubembelezwa. Mtindo wakiukataa, mzigo wote unabaki dukani.

Waliwezaje? Kila kitu kilikuwa na sehemu yake na alama yake. Kila rangi ilikuwa na kibao chake, baadaye rola yake, baadaye skrini yake. Yale matabaka unayofungua kwenye Photoshop ni jambo hilo hilo, rangi juu ya rangi. Sampuli zilihifadhiwa, dizaini zikapewa namba. Na vipimo vya leso havikuwa siri ya kiwanda kimoja. Ndio maana kazi iliweza kuhama nchi hadi nchi na leso ikabaki leso. Hata maandishi yalipobadilika kutoka herufi za Kiarabu kwenda za Kilatini, hakuna aliyeanza upya. Jina lilibadilika, pindo na mji vikaendelea na safari.

Hapo ndipo nawavulia kofia. Lakini kuna upande mwingine, na huo ndio unaniuma.

Alama kwenye leso ni ya mfanyabiashara. Aliyechora jina lake halipo. Silaumu duka, maana duka ndilo lililotunza. Nasema tu kwamba anayetunza ndiye anayekumbukwa. Na baadhi ya sampuli za leso za zamani kabisa ziko leo kwenye hifadhi ya kampuni ya Vlisco, mji wa Helmond, Uholanzi. Ndoto za nyanya zetu ziko kwenye makabati ya watu wengine, kwa sababu rahisi tu: wao waliweka nakala.

Usidhani hiyo ni hadithi ya Pwani tu. Hapa kwetu Eldoret tuna Rivatex, kiwanda cha nguo cha miaka ya 1970. Kililemewa, kikanyamaza, Chuo Kikuu cha Moi kikakichukua mwaka 2007, na mwaka 2019 kikazinduliwa upya na mashine za kisasa. Mashine unaweza kununua mpya. Mchoro ambao hakuna aliyetunza, utaununua wapi?

Sasa tuje kwetu. Adobe ilinunua Macromedia mwaka 2005, na mwaka 2007 ikatangaza kwamba haitaendeleza FreeHand. Watu waliokuwa na kazi za miaka mingi ndani ya programu hiyo ikabidi waanze kuhama. Mwaka 2022 wengine walifungua faili zao za zamani kwenye Photoshop wakakuta rangi za Pantone zimegeuka nyeusi, mpaka ulipe. Rangi yako mwenyewe, kazi yako mwenyewe. Na hapa mjini unapeleka kazi ya Illustrator kwa mchapishaji mwenye CorelDRAW, fonti zinaruka, bango la harusi linatoka kama barua ya polisi.

Basi tufanye kama leso. Tenganisha sehemu: nembo kivyake, maandishi kivyake, picha kivyake. Zipe majina ambayo mtu mwingine ataelewa, si "mwisho-mwisho-kabisa-2". Hifadhi nakala kwa muundo usiofungwa na kampuni moja: SVG, ambayo ni kiwango cha wazi tangu 2001, au PDF, ambayo tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa. Fonti ziende pamoja na kazi. Nakala moja ikae kwa kompyuta, nyingine mahali pengine. Na andika jina lako ndani ya faili, tafadhali. Hilo ndilo wachoraji wa leso hawakupewa.

Vijana wa Uasin Gishu tunachora kila siku, halafu kazi inaishia kwenye picha ya WhatsApp iliyofifia. Miaka 50 ijayo mtu atauliza mabango yetu yalikuwaje. Sitaki ajibiwe aende Uholanzi.

Wewe faili zako ziko wapi sai? Niambie hapo chini.