Kabla ya TikTok, mawakili walikuwa wanapata wateja aje?

Wasee, mwaka jana shosho yangu alilipa wakili pesa ya kwanza ya kesi ya shamba. Tangu siku hiyo, simu haishikwi. Ukienda ofisini, karani anakwambia "ako kortini." Shosho haogopi kushindwa. Kinachomuuma ni kutojua kesi imefika wapi. Na huyo wakili ako TikTok, kila wiki video mpya, suti imenyooka.

Hapo ndipo nilianza kuchimba historia. Niliacha chuo, lakini kusoma sikuacha.

Kama umewahi kupanda matatu za Kawangware, umepita Argwings Kodhek Road. Wengi wetu tunajua tu jam yake. Mwenyewe, C.M.G. Argwings-Kodhek, alikuwa Mwafrika wa kwanza kufanya kazi ya uwakili hapa Kenya. Alisomea Uingereza, akarudi, akafungua ofisi yake Nairobi wakati wa mkoloni.

Sasa fikiria wateja wake. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Ukishikwa na hata risasi moja, ungeweza kunyongwa. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa miaka hiyo. Wengi wa washtakiwa hawakuwa na doo, na kumtetea mtu wa Mau Mau kulikuwa kujiweka pabaya na serikali. Jamaa alisimama nao kortini hata hivyo, na watu wakamjua kama wakili wa Mau Mau. Jina lake lilitembea mdomo kwa mdomo, kwa sababu mtu akiwa na mtoto wake seli, alijua ni nani atakuja.

Tukapata uhuru, lakini sheria ikabaki na tabia za Uingereza. Kanuni za mawakili za 1966 zilikataza wakili kujitangaza. Eti sheria ni taaluma, si soko. Sikatai, kulikuwa na maana. Lakini ukweli ni kuwa marufuku hiyo ilisaidia ofisi kubwa ambazo tayari zilijulikana. Wakili kijana kutoka mtaani angejulikana vipi? Na shosho angejuaje nani anashughulika na mashamba?

Ndiyo maana kesi ya Okenyo Omwansa ni muhimu. Mwaka 2012, Mahakama Kuu ilisema kukataza matangazo kabisa kunapingana na Katiba ya 2010, kwa sababu mwananchi ana haki ya kupata habari na haki ya kufikia mahakama. Mwaka 2014 zikaja kanuni mpya: wakili anaweza kujitangaza, bora asidanganye wala kujishusha hadhi.

Mimi naunga mkono hiyo mia kwa mia. Lakini wakili, tangazo linamleta mteja mlangoni tu. Akishaingia, anataka umwambie bei mapema, umwambie tarehe ya korti, na umpigie hata kama habari ni mbaya. Hiyo simu ni dakika tano. Ukimpigia shosho leo, kesho kikundi chao chote cha akina mama kitakuwa na namba yako.

Usipompigia pia, watajua. Na wale hawaangalii TikTok.