Namba 29 Ndiyo Kufyatua

Kijana wa leo akikaa kwenye kompyuta kucheza gemu la bunduki, mkono wake wa kushoto unakwenda wenyewe kwenye W, A, S na D. Muulize nani aliyepanga hivyo, atakwambia ndivyo yalivyotengenezwa. Hata kidogo. Magemu yenyewe yalikuja na mpango mwingine, wachezaji wakaupangua, na waliweza kuupangua kwa sababu kampuni moja ya Texas haikufunga mlango.

Kampuni hiyo ni id Software, enzi hizo ikiwa Mesquite, na gemu ni Doom, lililotoka tarehe 10 Desemba 1993. Mimi nililikuta miaka kadhaa baadaye nikiwa fundi Kariakoo, ndani ya kompyuta za mtumba zilizofika na mafaili ya wenyewe wa zamani. Doom lilitaka prosesa ya 386 na memori ya megabaiti 4 tu, lakini kukubali kuwaka ni jambo moja na kukimbia ni jingine. Likianza kukwamakwama tulibonyeza F5 ili ubora wa picha ushuke, kisha alama ya kutoa, tena na tena, mpaka mchezo unabaki kidirisha katikati ya kioo. Mashetani yanakuwa madogo kama sisimizi, ila yanatembea bila kusita.

Sauti nayo ilikuwa na shughuli yake. Programu ya SETUP.EXE ilikuuliza kadi yako ni ya aina gani, na kama ni Sound Blaster, iko anwani ipi, IRQ ipi, DMA ipi. Majibu ya kawaida yalikuwa 220, kisha 5 au 7, kisha 1. Ukikosea, gemu linakwenda bubu au mashine inaganda.

Majibu hayo yalihifadhiwa kwenye faili la maandishi matupu liitwalo DEFAULT.CFG, na hapo ndipo penye utamu. Ukilifungua kwa EDIT ya DOS unakuta mistari kama key_fire 29, key_use 57, key_strafe 56. Hizo ni namba ambazo kibodi huipelekea kompyuta kila kitufe kinapobonyezwa. 29 ni Ctrl, ndiyo kufyatua. 57 ni kile kitufe kirefu cha nafasi, ndiyo kufungua milango. 56 ni Alt: ukiishikilia, vishale vinakupeleka ubavuni badala ya kukugeuza. Ile 220 ya kadi ya sauti humo imeandikwa 544, kiasi kilekile ila kwa hesabu ya makumi, na asiyelijua hilo aliweza kuisahihisha namba isiyo na kosa.

Mpango wa kiwandani ulikuwa vishale kwa mkono mmoja na Ctrl kwa mwingine. Kipanya kilikubalika, lakini ukikisukuma mbele na mtu wako anakwenda mbele, hata kama ulitaka kugeuka tu. Kero hiyo ilizaa kiprogramu cha NOVERT, cha kuzima tabia hiyo. Sasa, anayelenga kwa kipanya mkono wa kulia hana budi kutembea kwa mkono wa kushoto, na vishale viko upande usiofaa. Basi unaandika key_up 17, key_down 31, key_strafeleft 30, key_straferight 32, unahifadhi, unarudi vitani. Hizo ndizo W, S, A na D.

Quake, la kampuni ileile, lilitoka Juni 1996 na kuondoa mambo ya namba. Unafungua sehemu ya kuandikia amri humohumo ndani ya mchezo na kuandika bind w +forward, basi. Mstari wa +mlook ulikuruhusu kutazama juu na chini kwa kipanya. Lakini Quake lilikuwa likiandika upya config.cfg kila unapotoka, kwa hiyo wajuzi waliweka amri zao kwenye autoexec.cfg, ambalo halikuguswa. Faili hilo lilienea kwenye flopi bila shida, na mtu aliweza kwenda nalo kwa mwenzake.

Mwaka 1997 Dennis Fong, aliyejulikana kama Thresh, alishinda mashindano ya Quake ya Red Annihilation na kuondoka na Ferrari 328 ya John Carmack, mwandishi mkuu wa programu za id. Thresh alitembea kwa WASD. Sisemi yeye ndiye aliyeibuni, ila gari jekundu lina ushawishi wake. Half-Life lilipotoka Novemba 1998, herufi hizo zilikuwa tayari zimewekwa na watengenezaji wenyewe.

Ndiyo maana sifa ya kwanza naipeleka kwa faili, sio kwa bingwa. Magemu mengi ya sasa yana menyu nzuri za kuchagua vitufe, lakini menyu hukuruhusu yale tu ambayo mtengenezaji ameshayawazia. DEFAULT.CFG bado linafunguka. Ukiwa na Doom la zamani, liendeshe kwa DOSBox, linakili faili hilo kabla hujaligusa, na ukiulizwa habari za Sound Blaster jibu 220, 7 na 1. Sauti itatoka.