Boriti Juu ya Mito ya Embu na Meru

Mito inayoshuka mashariki mwa Mlima Kenya si mipana. Ugumu wake ni mabonde: Rupingazi, Thuci, Nithi, Mutonga na Kathita imechimba makorongo marefu kwenda chini. Kabla ya Waingereza kufungua vituo vya utawala Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908, palipokuwa pembamba watu walivuka kwa gogo lililolazwa toka ukingo hadi ukingo.

Gogo hilo ni boriti. Tuseme lina urefu wa mita 6, na anayevuka, pamoja na kuni zake mgongoni, ana uzito wa niutoni 1,000, yaani kama kilo 100. Akifika katikati, kila ukingo hubeba niutoni 500. Hiyo ndiyo nguvu ya mkato, inayotaka kipande kimoja cha gogo kishuke na jirani yake abaki. Momenti ya mpindo hapo ni 500 mara mita 3, yaani niutoni-mita 1,500: nyuzi za juu hubanwa, za chini huvutwa. Akikaribia ng'ambo, mpindo hupungua hadi karibu kwisha, lakini mkato wa ukingo ule hukaribia niutoni 1,000 nzima. Basi gogo zima likizidiwa huvunjika katikati. Lililooza ncha kwa unyevu wa udongo huachia palepale ukingoni.

Waliochagua gogo hawakuandika hesabu, ila walijua kuchagua lililo nene, na unene hulipa kuliko mtu anavyodhani: kipenyo kikiwa maradufu, gogo hustahimili mpindo mara nane. Msitu uliwapa miti mikubwa, ukiwemo muuru, ambao wageni waliubatiza mwaloni wa Meru ingawa hauna undugu wowote na mwaloni.

Ulaya nako hesabu zilichelewa. Mwaka 1638 Galileo alipatia kwamba nguvu ya boriti hukua kwa mraba wa kina chake, lakini alikosea namna nyuzi zinavyogawana mzigo, makadirio yake yakawa mara tatu ya ukweli. Mhandisi Navier wa Ufaransa ndiye aliyeinyoosha nadharia hiyo mwaka 1826.

Kupima boriti halisi kulirahisika mwaka 1938, wahandisi Simmons na Ruge walipobuni, kila mmoja kivyake huko Marekani, geji ya waya mwembamba inayobandikwa juu ya chuma au saruji. Boriti ikivutika, waya huvutika nayo na ukinzani wake wa umeme hubadilika. Kutokana na badiliko hilo mpindo hukokotolewa. Darasani kuna njia nyepesi zaidi: boriti hukatwa vipande viwili, vikaunganishwa kwa bawaba na mizani ya springi, mizigo ikatundikwa, na mizani ikasoma nguvu inayohitajika kuvishikilia vipande visiachane.

Barabara ya lami ya Embu hadi Meru ilipojengwa miaka ya 1980, makorongo yalivukwa kwa madaraja yaliyopigiwa hesabu hizo za mkato na mpindo. Daraja la Nithi limepata sifa mbaya kwa ajali, ikiwemo ya Julai 2022 ambapo basi lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakafa. Kosa halikuwa la boriti. Lawama zimeelekezwa kwenye mteremko mkali na kona inayoingia darajani.